Neno ng'ombe liligoma kuwaka: kuhusu kusahihisha maelezo ya rangi za Vim

Mzee wangu anafuga kule Missenyi, karibu kabisa na mpaka wa Mutukula unaotutenganisha na Uganda, na kumbukumbu zote za mifugo yake zilikua kwenye kauntabuku moja nene ambayo jalada lilishatoka zamani. Nani kazaa lini, nani kachanjwa, siku ya josho, nani alipata ndigana akapona na nani hakupona. Mwaka mmoja nikaenda likizo nikakuta panya wameanza kula kona za ile kauntabuku, nikasema hapana, hii naihamishia kwenye kompyuta leo leo. Nikafungua faili la maandishi ya kawaida tu, mstari mmoja tukio moja, tarehe mwanzoni, alafu mnyama, alafu kilichotokea. Naandikia kwenye Vim kwa sababu ndio kihariri (programu ya kuandikia na kurekebisha maandishi) ninachotumia kazini kila siku, vidole vimeshazoea.

Baada ya mistari kama mia nne macho yakaanza kuchoka. Yote meupe kwenye weusi, huoni ndama yuko wapi wala chanjo iko wapi. Nikajiambia ngoja niitengenezee rangi, maana Vim ukiandika kodi, yaani maagizo ya programu, inakupakia rangi zenyewe, maneno maalumu rangi moja, namba rangi nyingine, maoni ya mwandishi rangi nyingine, na mtu unaweza kujiandikia kanuni zako kwa faili la aina yoyote. Hizo kanuni tunaziita sintaksi. Nikaweka faili dogo kwenye `~/.vim/syntax/mifugo.vim`, ndani mistari miwili mitatu ya namna hii:

`syn keyword mifugoMnyama ng'ombe ndama mbuzi kondoo`
`hi def link mifugoMnyama Type`

Nikafungua kumbukumbu. Ndama anawaka kijani, mbuzi anawaka, kondoo anawaka. Ng'ombe hawaki. Nikafunga nikafungua, hawaki. Nikafuta mstari nikauandika upya labda nimekosea herufi, bado. Na kosa haliandikwi popote, Vim imekaa kimya kama kila kitu kiko sawa.

Usiku ule bando lilikua limeisha na duka la vocha lilishafungwa, kwaiyo hamna cha kugugo wala kumuuliza mtu. Nikaandika `:help :syn-keyword` nikaanza kusoma. Hii ndio sehemu nataka watu waielewe kabla sijaendelea, Vim ina kitabu chake chote ndani ya programu yenyewe, ukishaiweka kwenye mashine umekiweka na kitabu, hakihitaji intaneti hata kidogo. Faili la rangi linaitwa `syntax.txt`, ni refu, maelfu ya mistari, na limekuwepo tangu Vim 5.0 ya mwaka 1998 ilipoleta hizi rangi kwa mara ya kwanza. Nikasoma taratibu na kamusi ya kichwani, kiingereza chake sio kigumu ila kimebana, kila sentensi imebeba mzigo. Na katikati ya aya moja nikaikuta: neno litatambulika tu kama herufi zake zote zimo kwenye orodha inayoitwa `iskeyword`, ikikosekana hata moja basi neno hilo halitatambulika kamwe.

Ile alama ya juu kwenye ng'ombe! Kwa Vim alama hiyo sio herufi, ni kama nukta au koma, kwaiyo yenyewe inaona "ng" kuna neno, alafu "ombe" kuna neno lingine, na ng'ombe kama ng'ombe haipo duniani. Sisi tunajua ng' ni sauti moja, mtoto wa darasa la kwanza anaijua, lakini aliyeandika programu hana namna ya kujua hilo bila kuambiwa. Nikakaa pale nimeshika kichwa, nimefurahi kwelikweli, maana jibu lilikuepo muda wote humo humo ndani ya mashine, limeandikwa na mtu nisiyemjua, limeandikwa vizuri, na limenisubiri.

Sasa marekebisho yake yalinifundisha zaidi. Kwanza nikaongeza ile alama kwenye orodha, `syn iskeyword @,48-57,_,192-255,39`, hiyo 39 mwishoni ndio alama yenyewe kwa namba. Ng'ombe akawaka. Asubuhi nikagundua mahali nilipoandika mbuzi ndani ya alama za kunukuu, 'mbuzi', rangi imezimika, kwa sababu sasa alama imekua sehemu ya neno. Nikarudi kwenye maelezo nikabadili njia, ng'ombe nikamtoa kwenye orodha nikamwandikia kanuni yake kwa `syn match`, `"\<ng'ombe\>"`, na mambo yakakaa sawa mpaka dada alipoanza kunitumia taarifa kwa WhatsApp na mimi kuzibandika kwenye faili. Simu yake inaandika ile alama ikiwa imepinda, sio ile iliyonyooka ya kwenye kibodi, kwa macho huwezi kutofautisha haraka lakini kwa mashine ni vitu viwili tofauti kabisa. Ikabidi kanuni ikubali zote mbili: `"\<ng['’]ombe\>"`. Mpaka leo ndio ninayoitumia.

Nimeeleza kirefu kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kuyaheshimu maelezo. Na ukianza kuheshimu kitu unaanza pia kuona kilipopinda.

`syntax.txt` ina sura mbili ndani ya faili moja. Sehemu moja inaeleza jinsi mfumo wenyewe unavyofanya kazi, `keyword` (neno kamili), `match` (umbo la maandishi) na `region` (eneo lenye mwanzo na mwisho), nani anamshinda nani (keyword inashinda zote, na kati ya match na region zinazoanzia herufi moja inashinda iliyoandikwa mwisho). Sehemu nyingine ni orodha ndefu ya lugha za programu, C, Java, Python, shell na nyingine kibao, kila moja na kijisehemu chake na alama yake ya kuitafutia kama `ft-python-syntax`, na humo ndio unaambiwa ukitaka hiki kiwake weka kigezo fulani. Huku kwa lugha ndio kunakoharibika zaidi, na sababu yake sio uzembe wa mtu. Faili la sintaksi la kila lugha lina mtunzaji wake, jina lake limeandikwa juu kabisa ya faili, watu wa nchi mbalimbali wanaojitolea. Mtunzaji anabadilisha kodi usiku mmoja baada ya kazi, anasahau kwamba kwenye faili lingine kabisa, folda nyingine, kuna sentensi iliyoandikwa miaka kumi na tano iliyopita inayosema kinyume. Kodi ikiwa mbovu itapiga kelele, mtu ataona rangi zimevurugika ataripoti. Sentensi ikiwa mbovu inakaa kimya, anayeumia ni yule aliyeiamini, na mara nyingi anadhani kosa ni lake.

Mimi iliniumiza kwenye jambo la sifuri. Kuna lugha moja nilikua naitumia kazini, maelezo yake yanasema weka kigezo fulani kiwe 1 ili nafasi tupu za mwisho wa mstari ziwake. Nikaweka, zikawaka, zikanichosha, nikabadilisha 1 kuwa 0 nikijua nimezima. Haikuzima. Jioni mbili nimehangaika nayo, nikitafuta ni plagini (programu ndogo ya nyongeza) gani inaniwashia, nimetoa plagini moja moja, nimejaribu na `vim --clean` ambayo inafunguka bila mipangilio yako yoyote, mpaka mwisho nikafungua faili lenyewe la sintaksi nikasoma kodi. Kumbe halikaguzi thamani. Linauliza tu kigezo kipo au hakipo, `exists()`, basi. Ukikiweka 0 kipo, ukikiweka 1 kipo, kuzima ni mpaka ukifute kabisa kwa `:unlet`.

Alafu nikaenda kuangalia sehemu ya C kwenye maelezo yale yale, nikakuta limeandikwa wazi kabisa, kwamba unaweza kukipa thamani yoyote hata sifuri na kuzima ni `:unlet`. Sehemu ya Python nayo inasema kinachohesabika ni kuwepo tu, sio thamani. Yaani mtu aliyeandika kule alishaumia au alimwonea huruma atakayekuja. Kwenye sehemu yangu hiyo sentensi haikuepo. Maneno kama kumi hivi. Maneno kumi yamenilia jioni mbili, na nilikua na intaneti na nina uzoefu, sasa fikiria kijana aliyeko kwenye maabara ya shule yenye kompyuta nane na modemu isiyo na salio.

Nikaamua kutuma marekebisho. Vim tangu 2015 kodi yake iko GitHub, tovuti ya kuwekea na kushirikiana kodi, kwaiyo unanakili, unabadilisha, unaomba waipokee. Na nikafanya kosa ambalo naliandika hapa ili asilifanye mwingine. Kwa hamasa niliyokua nayo nikaona sentensi ile haipo kwenye lugha tano, nikaibandika kote tano kwa mkupuo. Mmoja wa waliopitia kazi akaniuliza swali moja tu, kwa upole, hizi zote umezijaribu? Nilikua nimejaribu moja. Nikarudi nikafungua mafaili yote matano, na mawili kati yake yalikua yanakagua thamani kweli, ukiweka sifuri yanazima. Maana yake ningepokelewa bila swali, ningekua nimeondoa pengo sehemu tatu na kupanda uongo mpya sehemu mbili, uongo wenye sauti ya uhakika, ndani ya kitabu ambacho watu wanakiamini. Iliniuma sana hiyo. Nikatoa zile mbili, nikaandika kwenye ombi jinsi nilivyojaribu kila moja, na tangu hapo sitoi neno kwenda kule kabla sijaliona kwa macho yangu kwenye skrini.

Kwaiyo sasa nina utaratibu, na kama unataka kuanza kazi hii nakushauri uanze hivyo hivyo. Nafungua `vim --clean` kwanza, maana mipangilio yako mwenyewe itakudanganya. Natengeneza kijifaili kidogo cha mistari mitano chenye kile kitu tu kinachosemwa. Naweka kigezo, naangalia, nakifuta, naangalia tena, na kabla ya kila jaribio naifungua Vim upya kwa sababu faili la sintaksi likishasomwa halijui umebadilisha nini baadaye. Nikitaka kujua neno lililo chini ya kasa (ile alama inayoonyesha unapoandika) limepewa kundi gani natumia `:echo synIDattr(synID(line("."), col("."), 1), "name")`, inachosha kuiandika lakini inakata ubishi, inakwambia jina la kundi papo hapo. Na rangi ikitoka nisipopajua, `:verbose hi Comment` inasema iliwekwa mara ya mwisho na faili gani. Baada ya hapo ndio nafungua kodi nisome, na baada ya kodi ndio narudi kwenye sentensi kuiuliza, je wewe unasema kilichotokea?

Kuna sentensi ambazo sio uongo ila zinamwacha mtu njiani, na hizi ndizo ngumu kuliko zote. Mfano faili refu, unarukia katikati, rangi zimegeuka, kodi yote inaonekana kama iko ndani ya maneno ya kunukuu. Kitabu cha wanaoanza kinakwambia bonyeza CTRL-L, au panda juu kidogo kisha ushuke. Ni kweli, mara nyingi inasaidia. Lakini Vim haisomi faili lote kupaka rangi, inaanzia karibu na unapoangalia, ili iwe na kasi, na kama nukuu imefunguliwa mistari elfu moja juu basi hata ubonyeze mpaka kibodi ichakae haiwezi kujua. Dawa yake ni `:syntax sync fromstart`, inasoma toka mwanzo, inakua nzito kidogo kwenye faili kubwa ila rangi zinakua sahihi. Kitabu kile kinaacha kiungo tu cha kwenda sehemu ya sync, dawa yenyewe imeandikwa huko mbali, na mtu anayeanza hajui hata kama tatizo lake linaitwa hivyo. Je, unasogeza maelezo? Unabaki na kiungo? Unarefusha aya ya wanaoanza ambayo uzuri wake wote ni ufupi? Mimi siku hizi nachagua kiungo, kijineno kimoja kati ya vijiti viwili `|:syn-sync|`, mtu akikibonyezea CTRL-] anafika. Ila unakagua kwamba kweli anafika, maana kiungo kinachoelekea pasipokuwepo ni sawa na kumwelekeza mgeni kwenye nyumba iliyobomolewa.

Mambo ya umbo nayo yana adabu zake. Mistari isizidi herufi 78, alama za kutafutia ziwe kati ya nyota mbili, mfano wa kodi unafunguliwa na `>` na kufungwa na `<`. Ukimaliza unaendesha `:helptags` kwenye folda ya maelezo, na kama kuna jina umelirudia itakutolea kosa namba E154. Tarehe ya mwisho ya mabadiliko iko mstari wa kwanza juu kulia, usiisahau. Hayo unayazoea kwa wiki moja.

Kitu ambacho sikubaliani nacho, na najua wengine watanuna, ni kutuma marekebisho mia mbili ya koma na herufi kubwa ili jina lako lionekane kwenye orodha ya waliochangia. Kila badiliko kule linasomwa na mtu mwenye familia na kazi yake. Alafu haliishii pale. Neovim iliyojitenga na Vim mwaka 2014 bado inachukua mabadiliko mengi kutoka Vim, maelezo yakiwemo, kuna mtu anakaa anayahamisha moja moja. Kuna Wajapani wametafsiri kitabu chote kwa lugha yao na wanakifuatilia kila kinapobadilika. Ukigusa sentensi moja umewagusa wote hao. Kama koma inabadilisha maana, tuma, hata kama ni koma moja, tuma kwa moyo mmoja. Kama haibadilishi kitu iache ipumzike.

Na hapa nataka kusema kitu kuhusu Bram Moolenaar, kwa sababu jina lake liko juu ya `syntax.txt` na naliona kila nikifungua. Alikua Mholanzi, toleo la kwanza la Vim alilitoa 1991, na aliliongoza mpaka alipofariki tarehe 3 Agosti 2023. Ukifungua Vim bila faili, kwa miaka na miaka skrini ya kwanza ilikua inakuomba usaidie watoto maskini wa Uganda, na developa wengi duniani wameuona huo mstari bila kujua ni wapi hasa. Andika `:help uganda`. Ni Kibaale, wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda, na maelezo yenyewe yanasema ni karibu na Tanzania. Miaka ya 1990 Bram alikaa kule kufanya kazi ya maji na usafi, eneo ambalo ukimwi ulikua umeacha yatima wengi mno, na akaamua programu yake iwe bure ila anayeweza achangie kituo cha watoto cha pale.

Siku nilipoisoma hiyo nilikua nyumbani, nikamsomea mzee nikimtafsiria. Akaniangalia.

"Rakai? Hapo ng'ambo?"

"Hapo hapo baba."

"Hao watu tulikua tunauziana nao ng'ombe." Alafu akanyamaza kidogo, akasema, "Miaka ile tulizika sana. Huku na kule."

Sikujua nijibu nini, nikaendelea kusoma. Kwenye maelezo hayo limetajwa pia shirika la Kanada linalowakusanyia wafadhili wale watoto, linaitwa Kuwasha. Mzee akacheka, akasema hilo si jina letu hilo. Nikamwambia ndio, na mimi muda wote huu kazi ninayofanya humu ni kuwasha na kuzima.

Hayo nayo ni maelezo ya kutunzwa, tena kwa uangalifu kuliko ya rangi, anwani za kutuma pesa zinabadilika, mashirika yanabadilika, na mstari uliochakaa pale unamgharimu mtoto, sio developa. Nashukuru kwamba baada ya Bram kuondoka waliobaki wameendelea kuyashughulikia, na toleo la 9.1 la Januari 2024 wakalitoa kwa heshima yake.

Watu huniuliza kwanini sitafsiri kwa Kiswahili badala ya kuhangaika na kiingereza cha watu. Mfumo unaruhusu, kuna mpangilio unaitwa `helplang` kwa ajili hiyo, faili la tafsiri linakaa kando ya lile la asili na Vim inachagua. Nataka kufanya. Nimeanza na ile sehemu ya `iskeyword`, na mfano niliouweka kwenye rasimu yangu ni ng'ombe, na ng'oa, na ng'ambo, maana msomaji wetu atakutana na tatizo hili siku ya kwanza wakati mwandishi wa asili hakua na sababu ya kuliwaza. Lakini tafsiri inanilazimisha kuhakiki kila sentensi kabla sijaihamisha, na ndio maana inakwenda polepole, kila aya mbili nasimama kujaribu kitu.

Wiki hii niko kwenye sehemu moja yenye vigezo sita. Vinne nimeshavijaribu na viko kama vilivyoandikwa. Cha tano kodi haikitaji popote tena, nimetafuta kwenye folda nzima, kwaiyo nimemwandikia mtunzaji wa faili hilo kumuuliza kama kilitolewa makusudi au kilidondoka bahati mbaya, sitaki kukifuta mimi kabla hajajibu. Cha sita nakijaribu Jumamosi umeme ukiwepo.